Alichosema Mgiriki

Nikianza na mahali alipozaliwa mjomba wangu hatutafika popote, na yeye mwenyewe angefurahi sana, maana kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kuhakikisha hakuna mazungumzo yanayofika popote. Ulimuuliza kama amekula, akakueleza bei ya unga wakati wa Zaire. Ulimuuliza mvua imeingia chumba gani, akaanza na fundi aliyepiga mabati. Mimi nilimtaka anipe sentensi moja tu, wala si yake, ya mtu mwingine, na nimeitafuta tangu nilipokuwa na akili ya kuuliza mpaka nywele zikaanza kunigeuka mvi.

Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba nyumba yetu. Nyumba iko Likasi, upande wa mjini, kwenye barabara ambayo lami yake imebaki vipande vipande. Aliijenga Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua samaki wakavu kwenye kambi za wavuvi kule Tshangalele na kuwauzia wafanyakazi wa migodi. Nkambo wangu, baba wa mama yangu, alikuwa mpishi wake. Serikali ilipochukua mali za wageni, Mgiriki alipakia alichoweza kwenye kamyo, lori lake, akaondoka. Kabla ya kupanda, alimwambia nkambo jambo kuhusu nyumba, akalisema kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha samaki, cha kuagiza na kukaripia, hakikuwa kimeumbwa kwa mambo ya urithi.

Hapo barzani, kwenye kibaraza cha mbele, walikuwepo watu watatu: Mgiriki, nkambo na mjomba, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyekwisha kuanza kunyoa ndevu. Mgiriki hakuonekana tena. Nkambo tulimzika. Akabaki mjomba peke yake na maneno yale.

Sisi watoto wa nyumba tulikua tukijua kwamba Mgiriki alisema, “Naachia weye nyumba.” Hata hivyo bado ilikuwa vita. Mtu akikuachia kitu, amekupa, au amekuomba umtunzie mpaka arudi? Akikuachia mtoto hajakupa mtoto. Akikuachia sahani ya bukari, ugali wetu, hutegemei arudi kuidai. Baba yangu, alipokuwa hai, alishika upande wa sahani. Mke wa mjomba, naye marehemu, alishika upande wa mtoto, na kila Mgiriki, Mwitaliano au Mzungu yeyote alipopita barabarani na gari zuri alikuwa akichungulia pazia. Mjomba, ambaye angeweza kumaliza mabishano yote kwa pumzi moja, alikuwa anakula kimya, halafu anauliza nani alitia chumvi.

Wanasema nyumba njema si mlango. Yetu ingefaa waitafutie methali nyingine, kwa sababu ilikuwa na milango minne ya mbele. Mgiriki alijenga mmoja, mpana, wenye upinde wa matofali juu yake. Kuta zake ni nene, dari liko juu, sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na nyuma kuna depo, ghala la samaki lenye matundu ya hewa karibu na paa. Kisha familia ikaanza kuzaliana na kugombana, na kila ugomvi ukaacha ukuta. Nkambo aliziba nusu ya barza ili wavulana walale. Kampani ya migodi ilipoyumba na mishahara ikakauka, binamu mmoja aligeuza pembe ya barza kuwa kiduka cha sukari na betri. Binamu wawili wa kike walipokosana, salon, yaani sebule, ilikatwa katikati, na kwa vile dirisha kubwa lilikuwa katikati, ukuta uliishia kwenye fremu yake. Kila upande ukabaki na nusu dirisha. Ukitaka kufungua lako, ilikubidi umwombe adui yako afungue lake kwanza. Depo tulilipangisha kwa wachimbaji wa kutoka Kambove, wakarundika humo magunia ya mawe ya madini, na hadi leo ukuta wa ndani una vumbi la kijani ambalo chokaa haikubali kulifunika.

Mjomba alijua nani aliweka tofali gani, lakini usingeweza kujenga hata banda la kuku juu ya maelezo yake. Chukua sheminé, lile jiko la ukutani la kuota moto. Nyumba ina sheminé halisi kwenye nusu ya salon iliyo upande wa mama, na hatujawahi kuiwasha. Nilipokuwa shule ya msingi aliniambia mke wa Mgiriki alikuwa anasikia baridi ya mwezi wa sita. Nilipokuwa sekondari, ilikuwa ya kukaushia samaki walionyeshewa mvua njiani. Siku ya arusi yangu, mbele ya wakwe, akasema Mgiriki aliijenga ili awe na mahali pa kuchomea barua za wanawake. Wakwe walicheka mpaka machozi. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaeleza habari ya samaki.

Na maneno ya Mgiriki aliyafanyia hivyo hivyo. Mwaka mmoja Mgiriki alisema kwamba nyumba abaki nayo mpishi. Mwaka mwingine alisema nyumba ibaki ya watoto wa mpishi. Ikawahi kuwa alilia tu, hakusema kitu. Ikawahi kuwa alisema Kigiriki. Nikimkumbusha ya mwaka jana ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ni mgonjwa.

“Mujomba, ile siku ingine ulisema alilia.”

“Alilia, ndiyo. Muntu anaweza kulia na kusema, mupwa wangu. Weye haujapata kulia na kusema?”

“Sasa alisema nini?”

“Njo nakuambia. Ile camion ilikuwa Bedford. Na chauffeur wake alikuwa muntu wa Bukama, muntu mufupi hivi…”

Na hapo tunaondoka na dereva wa Bukama, tunapita kwa wakwe wa dereva, mpaka jioni.

Angekuwa mwongo tu ningemzoea. Kilichonichosha ni kwamba mtu huyu huyu alikuwa mzee wa kanisa, na wa kweli. Aliwahi kurudi dukani kwa miguu, jua la saa saba, kumwambia muuza mafuta kwamba alikuwa amempimia kupita kiasi. Alikataa kuwa shahidi wa arusi ya kijana wa jirani kwa sababu hakuwa na hakika kijana yuko huru kuoa. “Kuapa bongo, mi siwezi,” alisema, na mama wa kijana hakumsalimia tena. Bongo ndivyo tunavyouita uongo kwetu, na yeye alikuwa na mizani yake ya kuupima ambayo hatukuielewa. Uongo wa sheminé haukuwa na uzito. Uongo wa kuapia ulikuwa mawe.

Alikuwa na mazoea mengine yaliyotukera. Alipiga hodi kwenye nyumba aliyolala. Kila siku, akitoka kanisani au sokoni, alisimama mlangoni na kusema “hodi” mpaka mtu aitike, na kama hakuna mtu alikaa kwenye ngazi akasubiri, hata mvua ikinyesha. Kabati alikuwa nalo, tulimnunulia sisi, lakini nguo zake zilikaa kwenye valizi, sanduku la safari, chini ya kitanda. Hakupigilia msumari hata mmoja ukutani. Picha ya mkewe aliiegemeza kwenye glasi juu ya meza.

Kutengeneza kitu ndiyo kabisa. Bati la juu ya chumba cha mama lilipooza, nilileta fundi, mtu mzuri, na ngazi yake. Mjomba alimkuta uani.

“Papa, shuka.”

“Lakini, papa, bati limetoboka. Maji inaingia ku kitanda ya mama.”

“Minaona. Shuka tu. Mwenyewe atatengeneza.”

“Mwenyewe ni nani?” nikauliza. “Mwenyewe ni weye? Ni mama? Ni minye?”

“Mwenyewe,” akasema, akamshikia fundi ngazi ashuke salama, akamletea maji ya kunywa, akamuuliza habari za watoto. Bati nililibandika mwenyewe Jumapili, yeye akiwa kanisani. Aliporudi aliliona, akapiga hodi, akaingia.

Mama hakuwahi kunisaidia katika hili. Mama ni dada yake mkubwa. Baba alipofariki alirudi kuishi katika nyumba ile, miguu ikaanza kumkataa, na sasa anatoka kitandani kwa kushikwa. Nikimlalamikia kuhusu mdogo wake anasema, “Muache, iko vile,” na kugeuza uso ukutani. Nilidhani amechoka naye kama mimi.

Basi mwaka huu jambo lilitufika shingoni. Mfanyabiashara mmoja, mnunuzi wa mawe ya wachimbaji, alikuja na vijana wake na utepe wa kupimia, wakaanza kupima barza huku mama amekaa hapo hapo kwenye kiti. Alisema nyumba haikuwahi kutolewa kwa mtu. Mgiriki aliondoka, serikali ikachukua, na yeye amenunua kutoka kwa serikali. Sisi ni wapangaji wasiolipa. Alituambia kwa adabu kabisa kwamba atabomoa, ajenge depo la magunia, na kwamba mama tumtafutie mahali. Mama aliuliza mahali gani. Akasema, mama, mahali.

Nililala na hasira, nikaamka nayo. Nilikwenda kwa chef de quartier, mkubwa wa mtaa wetu, akanisikiliza, akasema karatasi za mfanyabiashara hazina miguu mizuri ya kusimama, lakini zetu hazipo kabisa. Ila kuna desturi. Kama kuna mtu aliyesikia kwa masikio yake Mgiriki akimpa baba yetu nyumba, aje aseme mbele ya watu, upande wa pili ukiwepo, na yeye chef ataipeleka hiyo mbele kama neno la quartier. “Iko mutu kama ule?” akauliza. Nikasema yuko. Moyo wangu ulisema, Mungu atusaidie, yuko.

Siku nne nilimfuata mjomba nyuma kama deni. Nilimbembeleza, nilimtisha, nilimpikia sombe, majani ya muhogo, kwa samaki wa Tshangalele anayempenda. Nilimwambia: mama ataanguka barabarani. Sema tu, “alituachia.” Neno moja. Hata usiongeze dereva.

“Nitaenda,” alisema.

Tulikaa kwa chef, chini ya bati la barza lake: sisi upande huu, mama kwenye kiti tulichombebea, mfanyabiashara na vijana wake upande ule, majirani wamejaa kwenye ua. Chef alikohoa akamgeukia mjomba.

“Papa, weye ulikuwaka pale. Mugreki alisema nini?”

Mjomba alisimama. Niliomba asianze na kamyo.

“Alisema ‘weye’,” akasema polepole. “Alisema ‘acha’. Alisema ‘nyumba’.”

Tulingoja. Mfanyabiashara alimtazama, chef alimtazama, mimi nilikuwa nakaribia kupiga kelele.

“Donc, alibaachia,” akasema chef: kwa hiyo aliwaachia.

Mjomba alifungua mdomo. Mama, aliyekuwa pembeni yake, alimshika mkono, akamvuta chini akae, na mjomba akakaa na mdomo ukiwa bado wazi. Chef akauliza kama kuna jirani anayepinga. Hakuna aliyepinga, sisi tumekaa hapo umri wa watu wazima. Basi chef akamwambia mfanyabiashara atafute pengine, na mfanyabiashara, ambaye nadhani alijua udhaifu wa karatasi zake kuliko sisi, akakusanya utepe wake. Watu walipiga vigelegele. Nilimkumbatia mjomba nikamsamehe yote, hata sheminé.

Kesho yake asubuhi valizi haikuwa chini ya kitanda. Picha ya mkewe haikuwa mezani. Jirani alimwona kwenye gari la kwenda Kapolowe.

Sijui kama ninaweza kueleza nilivyokasirika. Mtu ametusumbua maisha yote, nyumba imekuwa yetu jana, leo hayumo. Nilimtumia watu, hakuja. Mama aliacha kula vizuri. Wale wawili walikuwa hawaongei sana, lakini kumbe kuna kutoongea kwa watu wawili na kutoongea kwa mtu mmoja, na hakulingani. Mwishowe mama aliniambia nimfuate mwenyewe.

“Mwambie arudie. Na akikatala, mwambie hivi: mi nilikuwaka ku dirisha.”

“Dirisha gani, mama?”

“Mwambie tu vile.”

Nikasema moyoni, sasa na huyu ameanza.

Nilimkuta Kapolowe, si mbali na misheni, amepanga chumba kimoja kwa mkulima. Alikuwa amekaa chini uani anapukuchua mahindi ya mwenye nyumba, bila kuombwa, nina hakika. Amekonda. Akanisogezea gogo la kukalia.

“Jambo, mupwa. Mama yako analala muzuri?”

“Halale. Hakuna mutu wa kusemesha. Anasema urudie.”

“Huku mahindi imetoka muzuri hii mwaka. Huyu papa iko na mbegu ya…”

“Mujomba, mi sikuya juu ya mahindi.” Sauti yangu ilipanda mpaka mke wa mkulima akachungulia. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo: kwamba ni mbinafsi, kwamba ametuokoa ili atutese vizuri, kwamba nimechoka kuzungushwa na mtu mzima. Aliendelea kupukuchua. Nilipoishiwa nikakumbuka ujumbe. “Na mama anasema: mi nilikuwaka ku dirisha. Mi sijui ni dirisha gani.”

Gunzi likamkaa mkononi.

“Alisema vile?”

“Vile vile.”

Halafu akaniambia, na hakupitia kwa dereva wa Bukama wala kwa mtu mwingine.

“Mugreki alinyoosha mukono. Alitaka funguo. Alisema, ‘Weye acha nyumba.’ Baba alikamata ule mukono, akamusalimia. Akasema, ‘Merci, patron, tutachunga muzuri.’ Mugreki akarudilia, ‘Acha nyumba, acha.’ Chauffeur akapiga honi. Bakaenda.”

“Nkambo hakusikia muzuri,” nikasema. “Kile Kiswahili chake…”

“Baba alimupikiaka miaka yote. Alikuwa anamusikia hata akisema mu usingizi.” Akaweka gunzi chini. “Alisikia. Mangaribi akatuita, akasema Mugreki ametuachia nyumba. Nikamuangalia. Akaniangalia. Dada alikuwa anafurahi, nikajua ye hakusikia. Njo nikaanza kugeuza geuza ile habari, ili siku moja asinikamate na ile ya kweli.”

“Kumbe alikuwa ku dirisha.”

“Kumbe alikuwa ku dirisha,” akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika yeye. “Na ananiacha naongea. Miaka yote. Naongea, naongea, na ye anajua.”

Nilitamani kuwaweka pamoja niwagonganishe vichwa. Yeye alizungusha maneno ili dada yake asijue, na dada yake alifunga mdomo ili mdogo wake asijue kuwa anajua, na sisi wengine tukapoteza ujana wetu tukibishana juu ya sahani na mtoto. Lakini niliona pia mlango umefunguka. Nikamwambia, basi imeisha. Hakuna cha kuficha tena, na hujaapa uongo, neno la “alibaachia” ni la chef. Mgiriki atakuwa amekufa. Angebaki, serikali ingeichukua vilevile. Chukua valizi, gari liko barabarani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia kwa upole ambao sikuupenda.

“Tuliambiwa tutoke, mupwa. Tulisikia batatu. Baba hakutoka, alikufa mule. Dada miguu yake haina nguvu, ataenda wapi? Muntu mumoja anapashwa kutoka. Minye njo niko na miguu.”

Nilibishana naye mpaka jua likashuka. Nililia, nikaona aibu, nikabishana tena. Alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mfuko wa mahindi ya mama, akanitafutia kiti cha dirishani, akamwambia dereva anishushe mlangoni. Hakuna kitu ambacho hakunifanyia isipokuwa kile nilichoendea.

Njia nzima nilikuwa na hasira: na Mgiriki na Kiswahili chake, na nkambo na salamu yake, na hawa wawili. Nilipofika, mama alikuwa macho, amegeukia mlango.

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia.”

“Akasema nini?”

Niliweka mahindi mezani. Nikamwambia amesema anakuja.